Zawadi za Krismasi na Deni la Januari

Kila mwaka, lifikapo juma la tatu la mwezi wa Desemba, kituo cha mabasi cha Kitengela hujaa watu na mizigo. Huonekana mifuko ya mchele na sukari, mitungi ya mafuta ya kupikia, mablanketi yaliyofungwa kwa kamba, na watoto waliovaa viatu vipya. Watu hao wanakwenda makwao kula sikukuu pamoja na wazee wao. Yapitapo majuma matano, wengi wao huonekana wakienda kazini kwa miguu kwa kukosa nauli, na baadhi ya watoto wale wenye viatu vipya wamebaki nyumbani kwa kukosa karo ya shule. Mwezi huo Wakenya wameupa jina la mzaha; wanauita Njaanuari.

Kupeana zawadi ni desturi njema, wala hapana mtu mwenye akili awezaye kuilaumu. Lakini yafaa kuuliza: kwa nini mtu ambaye kwa miezi kumi na moja huzihesabu shilingi zake kwa uangalifu, huacha kuhesabu katika mwezi wa kumi na mbili? Wengi hujibu upesi kwamba ni ujinga, au ni kupenda anasa. Jibu hilo halina haki. Mtu huyo hakujinunulia anasa yoyote. Aghalabu yeye mwenyewe hurudi mjini na viatu vile vile alivyoondoka navyo. Sababu ziko mahali pengine, na mtu akizifahamu ataweza kujikinga nazo.

HESABU MBELE YA JAMAA

Kitengela ni mji uliokua kwa haraka. Uko katika Kaunti ya Kajiado, kusini ya Nairobi, kando ya barabara kuu iendayo Namanga mpaka Tanzania. Zamani palikuwa nyanda za malisho ya Wamasai. Katika miaka ya 1980 ardhi iliyokuwa ya jumuiya iligawanywa, kila mwenye haki akapewa sehemu yake, na baadaye wengi wakauza viwanja. Mwaka 1990 ilitungwa sheria ya kuweka maeneo maalumu ya viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nchi za nje, na eneo kubwa la namna hiyo likawekwa Athi River, jirani ya Kitengela. Wafanya kazi wakaja kutoka pande zote za Kenya. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na zaidi ya watu 150,000.

Basi wengi katika watu hao wana kwao kwingine. Na mtu aliyeondoka kwao ana deni moja ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote, nalo ni kuonyesha kwamba safari yake ilikuwa na maana. Wazazi walimsomesha; pengine waliuza ng'ombe au kipande cha shamba kwa ajili yake. Hawaioni kazi anayoifanya mwaka mzima, wala hawakioni chumba anacholala. Wanachokiona ni mikono yake tu siku anapoingia uani. Krismasi imekuwa siku ya kutoa hesabu ya mwaka mbele ya jamaa. Blanketi analopewa mama ni ushahidi kwamba mwanawe hakupotea mjini, na mama naye huwaonyesha majirani ushahidi huo.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Mtaalamu mmoja Mfaransa, Marcel Mauss, aliyeandika juu ya zawadi katika miaka ya 1920, alieleza kwamba katika mataifa mengi zawadi hufungamana na wajibu wa namna tatu: wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea na wajibu wa kurudisha. Kwa nje zawadi huonekana kuwa ni hiari tupu, ilhali ndani yake heshima ya mtoaji na ya mpokeaji imewekwa rehani.

Heshima ikishaingia, kipimo hubadilika. Mtu haulizi tena, "Ninaweza kutoa kiasi gani?" Huuliza, "Mwaka jana nilitoa nini, na ndugu yangu ametoa nini?" Aliyeleta kilo mbili za sukari mwaka jana huona haya kuleta kilo moja mwaka huu. Akisikia kwamba ndugu yake wa Mombasa atawaletea wazee televisheni, yeye wa Kitengela hukosa usingizi. Hivyo zawadi hupanda kila mwaka kama ngazi, hata katika mwaka ambao mshahara haukupanda.

Tena zawadi hutolewa mchana mbele ya watu wote, bali deni hukaa gizani. Wazee huliona blanketi, nao hulibariki. Hawauoni ujumbe wa mkopeshaji uliomo katika simu ya mwana wao. Laiti vitu hivi viwili vingewekwa pamoja juu ya meza moja, wazee wengi wangelirudisha blanketi.

SIKU 42

Sababu ya pili imo katika kalenda. Waajiri wengi hulipa mishahara ya Desemba mapema kabla ya sikukuu, nao hufanya hivyo kwa wema. Lakini mshahara uliopokelewa tarehe 20 Desemba, ikiwa mwingine utakuja tarehe 31 Januari, hauna budi kutosha kwa siku 42. Mwezi huo wa fedha ni mrefu kuliko mwingine wowote katika mwaka, nao ndio mwezi ambao matumizi huzidi. Nauli za mabasi yaendayo mbali hupandishwa, pengine hata mara mbili. Mara tu baada ya sikukuu shule hufunguliwa kwa mwaka mpya, na kwa utaratibu uliozoeleka katika shule za sekondari za bweni za serikali, nusu ya karo ya mwaka mzima hutakiwa katika muhula wa kwanza. Pamoja na karo kuna sare, vitabu na kodi ya nyumba.

Mambo hayo yote yanajulikana tangu Januari iliyotangulia. Krismasi haijapata kubadili tarehe. Lakini mnunuzi hukitazama kila kitu peke yake: nauli peke yake, mchele peke yake, gauni la mtoto peke yake, na kila kimoja kikiwa peke yake huonekana kidogo. Jumla yake huonekana baada ya fedha kwisha.

Na afikiriwe mtu mmoja, mfanya kazi wa kiwandani, mwenye mshahara wa shilingi 18,000 kwa mwezi, na kodi ya chumba ya shilingi 5,000. Alilipwa tarehe 20 Desemba. Aliitenga kodi ya Januari, akanunua nauli na chakula cha jamaa yake, akaona zilizobaki hazitoshi zawadi za wazee na ndugu. Akakopa shilingi 10,000 kwa siku 30, kwa ada ya asilimia 7.5. Tarehe 19 Januari akatakiwa kulipa shilingi 10,750. Mshahara bado siku 12. Akakopa kwa mwingine ili amlipe yule wa kwanza, kwa ada ya asilimia 10. Siku ya mshahara akalipa shilingi 11,825, zikabaki 6,175. Akatoa kodi ya Februari, zikabaki shilingi 1,175 za kula yeye, mkewe na watoto katika mwezi wa siku 28. Yaani chini ya shilingi 42 kwa siku. Na karo hapo haijatajwa. Itambidi akope tena, na zawadi ya siku moja itaendelea kulipiwa mpaka majira ya mvua za masika, wakati sukari ile ilikwisha kunywewa katika juma la kwanza.

MKOPO USIO NA USO

Hapo zamani mtu aliyetaka kukopa alikuwa hana budi kwenda kwa mtu mwingine: kwa mwenye duka, kwa mwajiri, kwa jirani, au kwa wenzake wa chama. Alitazamwa usoni akaulizwa, "Fedha hizi ni za nini, na utalipa lini?" Maswali hayo yaliumiza, lakini yalikuwa kama breki ya gari iteremkayo mlima. Wengi walirudi njiani kwa haya, wakaokoka.

M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi 2007, kutuma fedha kwa simu kulikuwa ni faraja kubwa kwa mtu aliye mbali na kwao. Mwezi wa Novemba 2012 ikafuata M-Shwari, iliyowawezesha watu kuweka akiba na kukopa kwa simu, kwa ada iliyokuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mwaka 2019 ikaenea huduma ya Fuliza, ambayo humruhusu mtu kulipa zaidi ya fedha alizo nazo, kisha deni hukatwa mara fedha zinapoingia katika simu yake. Majina yenyewe ni ya Kiswahili safi: shwari ni utulivu wa bahari, na kufuliza ni kuendelea na jambo pasipo kukoma. Mwenye kukopa na akumbuke maana zote mbili.

Huduma hizi si mbaya. Zimemfikisha mgonjwa hospitali usiku wa manane, zimemnunulia mchuuzi mboga za kuuza alfajiri. Lakini simu haina uso, wala haiulizi fedha ni za nini. Humwambia mtu kiwango anachoweza kukopa, naye taratibu huanza kukihesabu kiwango hicho kuwa ni mali yake. Tena ada ya asilimia 7.5 husikika kuwa ndogo, kwa kuwa ni ya mwezi mmoja. Mtu akirudia mkopo huo mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa asilimia 90 ya fedha alizokopa, na deni lenyewe lingali palepale.

Kwa muda fulani baadhi ya wakopeshaji wa simu walifanya jambo baya zaidi. Mdeni alipochelewa, waliwapigia simu jamaa zake, marafiki na hata mwajiri, wakimtangaza kuwa halipi. Hivyo mtu aliyekopa ili aheshimiwe na jamaa aliaibishwa mbele ya jamaa hao hao. Sheria ya Benki Kuu ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2021, na kanuni zilizotolewa mwezi wa Machi 2022 zikawataka wakopeshaji hao wapate leseni, zikakataza vitisho, matusi, na kuwasumbua watu waliomo katika orodha ya simu ya mdeni. Kwa hiyo yafaa mtu ahakikishe kwamba mkopeshaji wake ana leseni ya Benki Kuu. Sheria yaweza kumzuia mkopeshaji asimtukane mdeni. Haiwezi kumzuia mdeni asikope.

DENI LA MFUGAJI

Msafiri akitoka Kitengela akafuata barabara ile ya Namanga, atapita Isinya na kufika mji wa Kajiado, na mbele yake Bissil penye mnada wa mifugo. Huko wako watu wasiokuwa na mshahara, nao huweza kudhani kwamba habari hizi haziwahusu. Lakini mfugaji naye ana deni lake, ila halina karatasi wala ujumbe wa simu.

Mfugaji mwenye wana mjini, au mwenye jamaa kubwa ya kuvisha kwa sikukuu, hupeleka mnyama mnadani siku chache kabla ya Krismasi. Anayeuza kwa haraka huuza kwa bei ya mnunuzi. Akimuuza dume aliyekwisha nenepa, hapana hasara kubwa. Lakini akimuuza mtamba, ameuza pia ndama ambaye angezaliwa baada ya miezi tisa ya mimba, na maziwa ya watoto, na ndama wengine wa miaka ijayo. Amekopa kwa zizi lake mwenyewe, na zizi halina huruma kwa mdeni wake. Wafugaji wa Kajiado hawahitaji kukumbushwa jambo hilo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua zilikosa kunyesha vya kutosha kwa misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Aliyebakiwa na mitamba michache ndiye aliyeweza kuanza tena.

MAFUNZO YA OSOTUA

Na hapa pana jambo la kufikiriwa, kwa maana nchi hii ambayo watu wake hukopa ili watoe zawadi ni nchi ya Wamasai, na Wamasai tangu kale wamekuwa na mafundisho yao juu ya zawadi na deni. Katika lugha yao mambo haya mawili yana majina mbalimbali. Deni la kawaida huitwa esile, nalo hulipwa kwa hesabu. Lakini kuna uhusiano mwingine uitwao osotua, neno ambalo maana yake ya asili ni kitovu, kile kinachomuunganisha mtoto na mama yake tumboni. Watu wenye osotua husaidiana wakati wa shida bila kuweka hesabu. Anayeomba huomba kadiri ya haja yake tu, na anayetoa hutoa kadiri ya uwezo wake, bila ya kujidhuru. Kuomba zaidi ya haja ni kuuvunjia heshima uhusiano huo.

Hali kadhalika, Wamasai wana desturi ya kuitana kwa jina la zawadi iliyopita baina yao. Waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng, na waliopeana kondoo huitana Paker. Wa kondoo naye ana jina lake, nalo hutajwa kwa heshima mbele za watu. Wala halazimiki kukopa ng'ombe ili apate jina.

Mtaalamu mmoja Mmarekani, Lee Cronk, alitoa habari mwaka 2007 za mchezo wa fedha aliowachezesha Wamasai wa Kenya. Wengine walicheza bila maelezo zaidi, na wengine waliambiwa kwamba mchezo huo ni wa osotua. Mtu angedhani kwamba hao wa pili, baada ya kulisikia neno hilo zito, wangetoa fedha nyingi zaidi. Ilikuwa kinyume chake. Walitoa kidogo zaidi, wala hawakutazamia kurudishiwa nyingi. Neno osotua liliwakumbusha haja na kiasi, na katika kiasi hicho hapakuwa na aibu.

Yanayofanana na hayo yalionekana mbali sana na Kajiado. Mwaka 1993 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, alieleza kwamba aliwauliza wanafunzi thamani ya zawadi za sikukuu walizopewa. Kwa kadirio lake, kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya thamani ya zawadi hizo ilipotea bure, kwa kuwa mpokeaji hakuzithamini kwa kadiri ya bei iliyolipwa. Mtoaji alikuwa amebahatisha. Mzee aliyeletewa redio ya pili pengine alikuwa na haja ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na mama aliyeletewa vikombe vya kioo pengine alikuwa na haja ya kutengenezewa bati linalovuja.

LA KUFANYA

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza mapema. Mwana aliyeko Kitengela aweza kupiga simu mwezi wa Oktoba akasema, "Mama, shikamoo. Mwaka huu nina uwezo wa kitu kimoja. Je, ni kipi kinachohitajiwa zaidi hapo nyumbani?" Maneno hayo ni mazito kwa mara ya kwanza, lakini yakisemwa mapema ni taarifa, yakisemwa tarehe 24 Desemba huwa ni udhuru. Ndugu nao waweza kushirikiana kununua kitu kimoja, mashindano yao yakakoma.

La pili ni kuitenga karo na kodi ya Januari kabla ya kununua zawadi hata moja. Wako wanaolipa sehemu ya karo siku ile ile ya mshahara wa Desemba, na stakabadhi ya karo ikawa ndiyo zawadi ya kwanza ya mtoto.

La tatu ni kuweka akiba pamoja na wengine. Mwaka 1909 benki moja ya mji wa Carlisle, Pennsylvania, katika Marekani, ilianzisha akiba ya Krismasi: watu waliweka fedha kidogo kidogo mwaka mzima, wakazichukua sikukuu ilipokaribia. Katika Kenya kazi hiyo hufanywa na vyama vya majirani na vya wafanya kazi. Viko hata vyama ambavyo wanachama wake huchanga mwaka mzima ili wanunue ng'ombe, wamchinje na kugawana nyama. Mfanya kazi yule aliyetajwa hapo juu, kama angaliweka shilingi 1,000 kila mwezi tangu Februari mpaka Novemba, angalikuwa na shilingi 10,000 zile zile alizokopa, bila kumlipa mtu ada ya senti moja. Shilingi elfu moja kwa mwezi si rahisi kwake. Lakini shilingi 11,825 kwa siku moja zilikuwa ngumu zaidi.

Wazee nao wana sehemu yao. Mwana huogopa macho ya jamaa, na jamaa ndio wawezao kumwondolea hofu hiyo. Baba akimpokea mtoto wake mwenye mikono mitupu kwa furaha ile ile anayompokea mwenye mizigo, amempa zawadi kubwa kuliko yoyote itokayo dukani.

Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Walisema pia: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kati ya maneno hayo mawili imo njia ya kupita. Anayeshuka kituoni na kilo moja ya sukari aliyoilipia, na mtoto ambaye karo yake imekwisha lipwa, amefika kwao na heshima kamili.